Matanga ya Kipa wa Radi

Nchi ninayoisema si hii. Hii yetu tunaijua, kila kitu chake kimenyooka, na anayesema hakijanyooka basi kapinda yeye. Ile nyingine iko huko mbele, ukishapita milima na vizuizi vya barabarani, na watu wake ni wapole ajabu, hupanga foleni hata pasipo na cha kugawiwa. Katiba yao inawapa uhuru kamili wa maoni. Kanuni zilizofuata Katiba zikafafanua kwamba maoni, kwa maana ya Katiba, ni maoni kuhusu mpira wa magongo. Watu wakashukuru, maana wangeweza kunyimwa hata hayo.

Timu yao ni moja tu, Radi. Ndiyo timu pekee katika ligi, na msimu uliopita ilimaliza ya pili. Msiniulize ilikuwaje. Waziri aliulizwa bungeni, akajibu kwamba nafasi ya kwanza imehifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo, na wabunge wakapiga meza mpaka moja ikavunjika mguu. Wapinzani huwa ni wageni wanaoalikwa kutoka nchi za jirani. Wanakuja, wanakula, wanafunga magoli, wanabeba kombe, wanakwenda zao.

Sasa watu wale wana mila yao. Zamani mshambuliaji mmoja aliyependwa sana alitemwa na timu, na mashabiki wakashindwa kuvumilia. Walitandika mikeka nje kwake, wakapika ubwabwa, wakamlilia siku tatu, na yeye mwenyewe alikuwepo, anasaidia kuosha masufuria. Yalikuwa mapenzi tu, hayakuwa na ubaya. Lakini Wizara ikatazama, ikaona kwamba watu walioketi matangani hawaulizi nani kamtema nani. Ikaichukua mila ile, ikaigonga muhuri. Tangu hapo mchezaji aliyeachwa ni marehemu, kwa mauti yanayoitwa mauti ya kiutawala, na Wizara yenyewe ikabadilishwa jina ikawa Wizara ya Magongo na Maombolezo.

Marehemu wa namna hiyo haongei mbele za watu. Hafanyi kazi, na hapigi kura, ingawa hili la kura halikumshtua mtu. Mali yake inarithiwa. Mke wake anakaa eda mpaka msimu mpya uanze, na msimu ukianza yuko huru kuposwa. Kula anakula, kwa sababu waliotunga kanuni walilisahau tumbo. Na juu ya yote, marehemu hasemwi vibaya. Atakayemsema vibaya, adhabu yake ni kumfuata.

Katika nchi hiyo aliishi Siwatu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamshia mtaa, ambaye alikuwa akikaanga mihogo karibu na uwanja. Mumewe, Mrisho, alikuwa kipa wa Radi miaka na miaka. Tuseme ukweli, alikuwa kipa wa wastani. Mpira wa kulia aliuzuia, wa kushoto aliusindikiza kwa macho. Lakini nyumbani, jamani, nyumbani alikuwa bingwa wa dunia. Kila goli alilofungwa alilirudia mezani, sahani ikiwa lango na kijiko kikiwa gongo, akieleza beki gani alilala na jua lilikuwa wapi. Siwatu hakumwachia hata goli moja. Alimbishia, naye akabisha, wakabishana mpaka wali ukapoa, na majirani waliwahi kudhani wanaachana. Wapi! Hiyo ndiyo ilikuwa ndoa yao. Siwatu aliwahi kumwambia somo yake, rafiki wa siri zake, kwamba mume asiyembishia angemwona mgeni.

Basi msimu ukakaribia, na tawi la mashabiki likakutana kujadili kikosi. Tawi lao lilikutana katika banda la Mwenyekiti wao, Mzee Mahadhi, aliyefiwa na mke miaka mitatu nyuma, mwenye kofia safi na macho yasiyotulia. Mjadala wa kikosi ni siku kubwa nchini mle. Watu waliokaa kimya mwaka mzima kuhusu bei ya unga na maji yasiyotoka hapo hufunguka vifua. Mmoja alitaka viungo wote wawe wa mkono wa kushoto ili adui achanganyikiwe. Mwingine alisema beki wa kushoto ahamishiwe kulia, maana upande mmoja umeshaumia vya kutosha, na upande wa pili nao uonje. Bwana mmoja mwenye miwani alipendekeza kocha afukuzwe, aajiriwe yuleyule kwa jina jingine, awe na mawazo mapya. Hili lilipigiwa makofi, likapita.

Ndipo Mzee Mahadhi akasafisha koo, akasema kuna jambo la golini. Alikuwa amebahatika kusimama karibu na Waziri kwenye hafla fulani, na jina la kipa lilipotajwa, Mheshimiwa alikohoa.

Banda zima likamgeukia. Watu wakaulizana kikohozi kilikuwa cha namna gani. Mzee Mahadhi akakikohoa mwenyewe, mara mbili, ili kila mtu apime. Bwana wa miwani alisema kwa maoni yake kile ni kikohozi cha kutoridhika. Mwingine akakumbuka kwamba Mheshimiwa ana mpwa wake, kijana Zakwani, aliyerudi juzi kutoka ng'ambo na miwani ya jua, na kwamba kijana huyo ana mabega. Ghafla kila mtu akagundua alichokuwa hajakigundua miaka yote, kwamba Mrisho ni pazia. Walimwita pazia, wakamwita kizingiti, wakamwita mlango wa msikiti usiomzuia mtu. Aliyekuwa akila mihogo ya Siwatu kwa mkopo ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Siwatu aliomba nafasi. Akawaambia kipa hazuii mpira peke yake, kwamba beki wa kushoto katika mechi tatu hakuonekana, na kwamba huyo Zakwani hajawahi kushika gongo ila la mwavuli. Alisema vizuri, bila kusita. Mzee Mahadhi alimsikiliza kwa upole mwingi.

"Tunakushukuru, Bi Siwatu," akasema. "Lakini wewe ni mke, una maslahi. Mpwa wa Waziri hana maslahi, yeye ana sifa."

Wakapiga kura kwa utaratibu wa nchi ile. Anayekubali kipa aachwe abaki ameketi. Anayekataa asimame, ataje jina lake, jina la baba yake, na mahali anapofanyia kazi. Siwatu alisimama peke yake, akavitaja vyote vitatu. Mrisho alikuwa ameketi karibu naye, na hata yeye hakusimama, kwa sababu kanuni haikuwa wazi kama mtu anaweza kujipigia kura. Siwatu alimtazama akiwa amejikunja pale kwenye benchi. Hakumlaumu siku ile. Alimhurumia.

Jioni hiyohiyo Mrisho alikuwa marehemu.

Matanga yalikuwa makubwa. Wizara ilileta turubai, mikeka, sufuria za ubwabwa, na afisa mmoja wa maombolezo aliyeangalia kama watu wanalia kwa kiwango kinachotakiwa. Mrisho aliketishwa pembeni kwenye kiti, akafunikwa shuka jeupe mpaka kifuani. Na vile vinywa vya jana vikaanza.

Jamani, walimsifu. Walisema nchi haijapata kuona kipa kama yule na haitamwona tena. Mipira ya kushoto ikatafutiwa maelezo, kwamba marehemu alikuwa na adabu, hakutaka wageni warudi kwao mikono mitupu. Yule mdeni wa mihogo alilia mpaka akashikiliwa na watu wawili. Mzee Mahadhi alisema golini palikuwa na ukuta, na ukuta umeanguka, na sasa taifa linapigwa na upepo. Hakuna aliyekumbuka pazia. Ukiwatazama machoni uliona hawasemi uongo. Waliamini kila neno, kama walivyoamini lile la jana.

Siku ya kwanza Mrisho aliinamisha kichwa kwa aibu. Siku ya pili alikiinua. Siku ya tatu, Siwatu alipompelekea uji, aliona uso wa mumewe unang'aa kama uso wa bwana harusi, na akili yake ikamwambia hapa pana balaa.

Kaka wa marehemu alikuja kwa ajili ya mirathi. Akachukua baiskeli, akachukua suruali mbili nzuri, kisha akasimama mlangoni akauliza pampu ya baiskeli iko wapi. Marehemu akamwonyesha kwa kidevu. Siwatu aliingia ndani, akaufunga mlango, akalia kilio ambacho afisa wa maombolezo asingekitia kosa, ila hakuwepo wa kumwona.

Ukaanza wakati mgumu. Siwatu alikuwa kwenye eda, hatoki, havai rangi, hapaki manukato, na mume anayemkalia eda alikuwa chumba cha pili anakata kucha. Mihogo aliikaanga somo yake kwa niaba yake. Asubuhi Siwatu alimpa Mrisho chai, naye akaipokea kimya. Mchana alimpa wali, akala kimya. Watu walikuwa wakipita kila saa kutoa pole, kwa hiyo marehemu alijizoeza kutulia, na kutulia kukamkaa mwilini. Ile nyumba ya kelele ikawa inasikika saa ya ukutani.

Siwatu akaanza kumchokoza. Alitia chumvi mpaka mboga ikawa haipitiki, marehemu akaimaliza. Alisema kwa makusudi kwamba yule beki wa kushoto ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa msimu, neno ambalo zamani lingemfanya Mrisho apindue meza. Marehemu alitabasamu kwa huruma, akajifuta mdomo.

Siku moja jikoni hakuvumilia. Akamshika mikono yote miwili.

"Mrisho, sema neno moja. Nitukane basi, lakini sema."

Mrisho akachungulia mlangoni, akaona hakuna mtu, akanong'ona: "Hukusikia walivyosema, mke wangu? Nimesimama pale golini miaka yote, hakuna aliyenipa hata ahsante. Sasa nikipita dirishani watu wanavua kofia. Wewe ungerudi?"

"Mimi je? Mimi sijafiwa?"

Nje kulikuwa kumepigwa hodi, na Mrisho alikuwa ameshalivuta shuka lake.

Aliyepiga hodi alikuwa Mzee Mahadhi. Alikuwa na kanzu iliyopigwa pasi na kifurushi cha halua. Aliketi, akatoa pole, akamsifu marehemu dakika za kutosha, kisha akasema kwamba eda ina mwisho, na mwanamke si vizuri akae peke yake. Alisema angependa siku ya ufunguzi wa msimu, saa ile ile eda inapokatika, alete watu wa posa. Akaongeza kwamba anajua marehemu, kwa ukarimu wake, asingekuwa na kinyongo. Akamtazama Mrisho. Mrisho alitazama ukuta. Siwatu alisubiri mumewe apige hata chafya, akangoja mpaka halua ikafunguliwa, na marehemu akachukua kipande.

Usiku ule Siwatu hakuwa na mtu wa kumlilia, maana mtu wake wa kumlilia ndiye aliyekuwa akimlilia. Akaona ana njia moja. Kanuni iliruhusu marehemu kufufuliwa kiutawala, tawi likijadili, Waziri akikubali, na marehemu mwenyewe akiridhia. Hakuna aliyewahi kuitumia. Siwatu akaapa ataitumia.

Bahati ilimsaidia, kama tunaweza kuiita bahati. Zakwani alianza mazoezi. Mpira wa magongo, kwa wasioujua, ni mgumu kama jiwe, na Zakwani alikuwa na utaratibu wake: ukija, anakaa pembeni, anaupisha, kisha anaulizia umekwenda wapi. Katika mechi ya kujipima nguvu na timu ya wapishi wa Wizara, wapishi walishinda mpaka wakaomba radhi. Mashabiki wakarudi bandani wamenuna. Mjadala ukafumuka upya, lakini safari hii kwa adabu, kwa sababu ya kikohozi. Walisema Zakwani anafaa sana, ana mabega, ila kipa kama marehemu Mrisho hatatokea. Walisema beki aliyepo ni mzuri, ila si kama marehemu fulani, na mshambuliaji aliyepo si kama marehemu fulani mwingine. Mwishoni walipanga kikosi kizima cha marehemu, wakakiona hakifungiki, wakafurahi. Wachezaji walio hai waliokuwa wakisikiliza nje ya dirisha walirudi nyumbani na wivu.

Somo yake Siwatu ndiye aliyelipeleka ombi, kwa vile mwenyewe hatoki. Kama ni ukuta, alisema, basi tuurudishe ukuta. Hakuna aliyeweza kukataa, maana kukataa kungekuwa kumsema marehemu vibaya. Mzee Mahadhi mwenyewe alilazimika kubaki ameketi, na kofia yake ilikuwa imelowa jasho. Wizara ikajibu kwamba jambo litamalizwa uwanjani, siku ya ufunguzi, mbele ya wananchi.

Siku ikafika. Eda ilikatika asubuhi, na Siwatu akavaa gauni la maua lililokaa sandukuni muda wote ule, akapaka wanja, akaenda uwanjani. Alikaa jukwaa la wanawake. Mzee Mahadhi alikuwa mstari wa nyuma na watu wake wa posa, wamebeba sinia. Karibu na jukwaa la wakubwa kulikuwa na safu ya viti vyenye vitambaa vyeupe, ndiyo sehemu ya marehemu. Walikuwa wamenawiri, wametulia, na watu waliopita mbele yao walipunguza sauti. Mrisho alikuwa kiti cha katikati.

Mheshimiwa Waziri, Dokta Balozi Mhandisi Kitwana Rehani, akasimama.

"Ndugu wananchi," akasema, "kifo si mwisho wa usajili. Serikali yenu sikivu, kwa kushirikiana na wadau wa mauti, imefanya upembuzi yakinifu, na imebaini kwamba walio hai wanafanya vizuri, na waliokufa wanafanya vizuri zaidi. Tumepokea ombi la kumrudisha marehemu Mrisho. Mimi sina kipingamizi. Sasa, kwa mujibu wa kanuni, namuuliza mwenyewe: Marehemu, unaridhia kurudi?"

Uwanja mzima ukageukia viti vyeupe. Siwatu alisimama bila kujijua. Mrisho alikuwa akiutazama umati wote ule uliomvulia kofia, na midomo yake haikusogea. Waziri akangoja kidogo, akageukia watu, akasema kwa masikitiko kwamba marehemu hajibu, kama ilivyo desturi ya marehemu, na kwamba kimya chake ni unyenyekevu wa kupigiwa mfano. Makofi yakapigwa. Nyuma, sinia la posa likaanza kushuka ngazi.

Siwatu alimwona mumewe anainamisha kichwa kupokea makofi yale, akajua kwamba akikaa chini sasa, amekuwa mjane kweli. Wala hakufikiri. Ile sauti ya kuamshia mtaa ikatoka yenyewe.

"Marehemu huyu golini alikuwa pazia!"

Watu elfu walivuta pumzi pamoja. Afisa wa maombolezo akashika kichwa.

"Alikuwa haoni kushoto," Siwatu akaendelea, machozi yakimtiririka na wanja ukishuka nayo. "Mnasema adabu, adabu gani? Hakuwa akiuona! Na lile goli la mwisho la wale wageni wa milimani, mpira ulikuja pole pole, mtoto angeuzuia kwa ndala, yeye kainama anavuta suruali!"

Kiti cha katikati kikatikisika. Mrisho alikuwa amesimama, na shuka limeanguka miguuni.

"Sikuwa navuta suruali!" akapaza sauti. "Kamba ya pedi ya mguuni ilikatika! Nilikwambia siku ileile, Siwatu, na ukakubali!"

"Sikukubali."

"Ulikubali! Ulisema kamba za siku hizi ni mbovu!"

"Nilisema kamba mbovu, sikusema suruali haikuwepo!"

Walibishana mbele ya taifa zima, yeye juu ya jukwaa la wanawake na Mrisho katikati ya marehemu, na Siwatu alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, kwa sababu ile ilikuwa sauti ya mume wake, na ilikuwa imekasirika, na ilikuwa hai.

Waziri alijadiliana na wasaidizi wake. Kisha akarudi kwenye kipaza sauti, akasema Serikali imelitafakari jambo hili kwa kina. Marehemu hajibu. Huyu amejibu. Kwa hiyo Mrisho yu hai, na anarudi golini leo hii. Zakwani, aliyekuwa ameanza kuvaa kofia ya chuma, aliteuliwa palepale kuwa balozi, akamshukuru Mungu. Watu wakashangilia. Siwatu alishuka ngazi mbio kwenda kumkumbatia mumewe.

"Lakini," akasema Waziri.

Siwatu alisimama kwenye ngazi.

Mheshimiwa alieleza, kwa utulivu wa mtu anayemfundisha mtoto, kwamba aliposemwa vibaya Mrisho alikuwa bado marehemu, na kwa hiyo kosa limetendeka kabla ya ufufuo. Kanuni inasema aliyemsema marehemu amfuate. Wakili mmoja aliyekuwa jirani akauliza, kwa heshima zote, atamfuata wapi na mwenyewe amerudi. Waziri akafikiri.

"Yeye amerudi," akasema, "lakini njia bado ipo."

Basi wakamketisha Siwatu kwenye kiti cha katikati, ambacho kilikuwa bado kina joto la mumewe, wakamfunika shuka. Mechi ikachezwa. Mrisho alizuia ya kulia, akasindikiza ya kushoto, na kabla ya mapumziko uwanja mzima ulikuwa ukiimba pazia, pazia. Kila mara alipogeuka kutafuta uso wa kumtetea, aliona safu ya marehemu wametulia, na mkewe kati yao, haruhusiwi kufungua mdomo. Radi ilifungwa. Wageni walikula, wakabeba kombe, wakaenda zao.

Matanga ya Siwatu yalifanyika siku ya pili, na yalizidi hata yale ya kwanza. Walimsifu ukweli wake. Hao hao walioshika vichwa uwanjani walisema nchi imepoteza ulimi usioogopa mtu, na kwamba laiti angekuwepo wa kuwaambia ukweli kama alivyokuwa akiwaambia yeye, mambo mengi yangenyooka. Yule mdeni alisema mihogo yake ilikuwa haina mfano, na deni hakulitaja, kwa kuwa hesabu za marehemu zilikuwa zimeshafungwa. Mzee Mahadhi alilia kama mtu aliyefiwa na mchumba. Siwatu alikuwa ameketi pembeni chini ya shuka, na kila sifa ilimwangukia kama udongo.

Kisha afisa wa maombolezo akamwita mume wa marehemu aseme neno.

Mrisho alisimama. Alikuwa na jezi mpya ya Wizara, kubwa kidogo. Siwatu akainua macho, na kwa macho yale alimwomba kuliko alivyowahi kumwomba kiumbe yeyote. Neno moja tu la ubaya, basi. Mrisho aliyajua mabaya yake yote. Alijua anakoroma, alijua ni mkaidi, na alijua anaunguza mihogo akianza porojo na somo yake. Angesema lolote kati ya hayo, na Siwatu angembishia hapohapo, mbele ya wote, akarudi. Jibu alikuwa nalo tayari, midomo ilimcheza. Yeye Siwatu alikuwa amelisema neno kama hilo kwa ajili ya mumewe mbele ya nchi nzima, bila kuuliza litamfikisha wapi.

Mrisho alimtazama. Alifungua kinywa, na kwa kitambo kidogo kabisa uso wake ulikuwa uso wa zamani, wa meza, kijiko na sahani. Halafu akamtazama afisa wa maombolezo. Akatazama mikeka, na kile kiti cheupe, na akajua atakayesema anakwenda wapi.

"Marehemu mke wangu," akasema, "hakuwa na kasoro hata moja."

Watu wakaitikia kwa sauti moja kwamba Mungu amrehemu, na sahani zikaanza kupita. Siwatu alikuwa ameshafungua mdomo ajibu, lakini hapakuwa na neno la kubishia.